Banda la kuku la kusimama, kazi ya fundi wa barabara ya Sake: maoni yangu baada ya miezi 11

Nianze kwa kusema nililipa mwenyewe. Fundi si ndugu yangu wala mkwe wangu, na hajui kama ninaandika. Alinijengea banda la kuku nyuma ya nyumba yetu hapa Keshero, Goma, akamaliza, akachukua makuta yake, yaani pesa, akaenda. Nimekaa kimya miezi 11 kwa makusudi. Banda la siku ya kwanza halina ubaya. Harufu ya mbao mpya tu inakulewesha. Nilitaka lipigwe na misimu miwili ya mvua kwanza.

Nilichomwomba ni kitu kimoja: banda ambalo mtu mzima anaingia akiwa amesimama. Kabla ya hapo nilikuwa na kile kibanda mnachokijua wote, sanduku la mbao kuukuu juu ya mawe manne, mlango mdogo kama wa kabati la vyombo. Kukusanya mayai ilibidi nipige magoti, niingize kichwa na mkono wa kulia, huku wa kushoto umekamata kitenge kisiburuzike kwenye mavi. Kusafisha ndiyo ilikuwa adhabu yenyewe. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nasimama mbele ya watoto kuanzia asubuhi, na mgongo wangu una miaka 46. Kutambaa kila Jumamosi haukukubali, basi nikawa sisafishi kila Jumamosi. Kuku wakawa wanapungua mmoja mmoja, mimi nikisingizia mdondo, nikiwachanja, na bado wanapungua. Siku niliyokibomoa kibanda kile niliona kilichokuwa chini ya ile sakafu, na sitakieleza hapa kwa sababu wengine mnasoma mkila.

Fundi nilimpata barabara ya Sake, ukishapita Ndosho kidogo, pale ambapo vitanda, milango na majeneza vinapangwa pamoja kando ya njia, mteja achague anachohitaji mwaka huo. Jina lake nalihifadhi, maana nina malalamiko na yeye ana watoto wa kulisha. Ila ukisimama pale ukauliza fundi aliyemjengea mama mwalimu nyumba ya kuku, watacheka kwanza, halafu watakuonyesha.

Nilimpelekea mchoro. Hili nalisema mapema kwa sababu ndilo lililoamua karibu kila kitu kilichofuata: palipokuwa na mchoro, mara nyingi fundi alifanya kazi ya kumsifu, palipokosa mchoro, alijaza kwa akili yake, na akili yake ni ya mtu anayejenga nyumba za watu. Nilichora kwenye daftari la hesabu la darasa la tano, kisanduku kimoja sentimita 10, banda zima likaingia ukurasa mmoja.

Nilianza na paa. Shiti la manjanja, yaani bati, tunalouziwa hapa lina urefu wa mita 3. Ukiacha sentimita 25 za kuning'inia kila upande ili maji yasirudi ukutani, unabaki na upana wa mita 2.5, na hakuna shiti hata moja la kukata. Mbao nilizozikuta zilikuwa za mita 4, kwa hiyo urefu wa banda ukawa mita 4. Mbele niliweka kimo cha mita 2.1, nyuma mita 1.8, maji yateremkie nyuma kwenye mfereji. Hata mume wangu, ambaye ni mrefu kama nguzo ya umeme, anaingia bila kuinama, ingawa mpaka leo ameingia mara mbili tu.

Ndani nilikata sehemu mbili. Mita 1.6 ni chumba cha kulala na kutagia, mita 2.4 ni uwanja wa kuparua mchana, wenye paa pia, kwa sababu mwewe wa Goma hawana adabu. Chumba cha kulala kinatoa mita 4 za mraba, na nina tetea 18 na jogoo mmoja. Ukubwa unaoshauriwa ni kama kuku wanne kwa mita moja ya mraba ya sakafu, kwa hiyo nimezidisha kidogo, lakini mchana wote wako uwanjani. Bila ule uwanja ningefuga 16 na kunyamaza.

Fundi aliugeuza mchoro huku na huku, akaniangalia.

"Mama mwalimu, hii ni banda ao ni nyumba ya mgeni?"

"Ni banda."

"Kuku haina miguu mirefu hivi."

"Anayesafisha anayo."

Akakubali. Siku sita, akasema. Zikawa 13.

Sasa nifike kwenye jiwe, kwa maana hapo ndipo alinishinda na nikafurahi kushindwa. Kila anayekuelekeza kujenga banda atakwambia uchimbe mashimo ya nguzo, sentimita 60 kwenda chini. Huyo hajawahi kuja Goma. Parsele yetu, yaani kiwanja chetu, ina udongo wa kiganja kimoja, halafu unagonga mwamba, lava ya zamani, nyeusi, yenye matundu kama mkate, ngumu kuliko moyo wa mwenye nyumba. Vijana wake wawili walipiga mtaimbo na nyundo kubwa kutwa nzima wakapata mashimo matatu ya sentimita 20. Jioni fundi akaja, akatazama, akasema, "Tuache. Tusipigane na volkano."

Akajenga ukuta mfupi wa mawe yale yale, kuzunguka banda lote, kimo sentimita 40, kwa simenti. Mawe hayakunigharimu kitu, yalikuwa yamerundikana pembeni mwa parsele tangu tuinunue. Ndani ya ukuta akasimika vipande vya nondo vilivyopindwa, vikachomoza juu kama vidole, na nguzo za mkaratusi akazikalisha juu ya mawe na kuzibana kwenye vile vidole. Hakuna ubao unaogusa ardhi. Mvua zimepita, na nguzo zote nimezichokonoa kwa kisu wiki iliyopita: chini ni kavu kama juu. Ningezichimbia, maji ya kwenye mwamba yangekuwa yameshaanza kuzila. Ule ukuta pia unazuia maranda ya mbao ninayotandika sakafuni yasimwagike nje, na mbwa wa kartiye, wale wa mtaani, hawawezi kupenya chini. Hilo halikuwamo kwenye daftari langu. Namrudishia heshima yake yote.

Sakafu tulibishana kidogo. Yeye aliona udongo na changarawe vinatosha kwa kuku. Mimi nilitaka zege, na sababu ni panya. Kwingine panya huchimba. Goma panya anakuta njia zimeshachimbwa, nyufa za mwamba zinapita chini ya nyumba zetu na chini ya zile kuta za mawe tunazozungushia parsele. Ukiweka udongo juu ya ufa, umempa panya pazia. Akamwaga zege la sentimita 5, ndani yake tukalaza grilaji kuukuu, wavu wa waya, ya kile kibanda cha zamani, uso ukateremka kidogo kuelekea mlangoni ili siku ya kuosha maji yatoke yenyewe. Sijaona tundu la panya ndani mpaka leo. Juu ya paa nawasikia, ni haki yao.

Grilaji ndiyo ilitukosanisha. Nilimwandikia wazi: waya wa kuchomelewa, matundu ya sentimita moja na kitu. Akarudi na bunda la ule waya mwembamba wa pembe sita, ule tunaouita grilaji ya kuku, akasema ndiyo hiyo hiyo. Si hiyo hiyo. Waya wa pembe sita unazuia kuku asitoke, basi. Mbwa akiamua anaupasua, na panya mdogo na kicheche wanapita kwenye tundu kama wamealikwa. Tena unasokotwa tu, ukikatika sehemu moja unafumuka kama sweta. Nilimwambia aurudishe, akasema duka halirudishi. Nilikwenda mwenyewe Birere Jumamosi, maduka manne ya vifaa, wa nne akawa na ninaoutaka, anauza kwa mita. Nikanunua mita 14, nikarudi nimeubeba kwenye pikipiki kama gurudumu. Bunda la fundi likabaki kwake na nikakataa kulilipa. Alinuna siku mbili. Ushauri wangu kwa atakayemwita: mbao mwachie achague, jicho lake kwa mbao ni zuri sana, alikataa nguzo tatu zilizopinda kabla mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, hajazishusha. Waya nunua mwenyewe.

Na manjanja pia simamia mwenyewe. Alipendekeza BG 32 kwa kuwa ni rahisi. Namba ikiwa ndogo shiti ni nene, nikachukua BG 28. Wenye nyumba wa hapa hawahitaji kuelezwa: moshi wa volkano ya Nyiragongo ukishachanganyika na mvua unakula manjanja, na shiti jembamba linatoboka ukiwa bado unadaiwa pesa yake.

Nije kwenye hewa. Hapa nakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilikaribia kuwapoteza kuku wote.

Kwenye mchoro nilionyesha nafasi ya sentimita 25 chini ya paa, mbele na nyuma ya chumba cha kulala, izibwe kwa waya tu. Siku ile nilikuwa shuleni. Niliporudi jioni nafasi zote mbili zimezibwa mbao, kazi safi, mbao zimepigwa randa, hakuna hata ufa wa kupitisha karatasi. "Mama mwalimu, Goma usiku ni baridi. Nilihurumia kuku." Aliniambia kwa upole kiasi kwamba niliona haya kumkatalia. Na kweli usiku wetu ni wa baridi, mji uko mita kama 1,500 juu ya bahari. Nikasema labda anajua.

Wiki ya pili asubuhi nikaingia, nimesimama wima kama nilivyotaka, sikunusa kitu. Lakini tone la maji likaniangukia shingoni. Nikatazama juu: manjanja yote yamelowa kwa chini, matone yamejipanga kama shanga. Mvua haikuwa imenyesha. Kuku 19 wanapumua usiku kucha, pumzi yao ni mvuke, mvuke unapanda ukutane na bati la baridi, unarudi chini maji. Maranda niliyoyaweka makavu yalikuwa yameshikana kama ugali uliolala. Ndipo nikapiga magoti, magoti yale yale niliyotumia dola zote hizo kuyapumzisha, nikaweka pua mahali kuku anapoweka yake. Macho yalitoa machozi palepale. Ile harufu kali ya mkojo wa kale ni amonia, inatoka kwenye mavi yaliyolowa, na sisi wa juu hatuisikii mpaka imeshachoma mapafu ya wa chini. Kuku wawili walikuwa wameanza kukoroma, mmoja jicho limevimba.

Baridi kavu kuku anaivumilia, ana koti lake. Kinachomuua ni unyevu, na upepo unaompiga moja kwa moja akiwa amelala. Kwa hiyo nafasi ya hewa inakaa juu ya kichwa chake: vitulio vyangu, zile fito wanazolalia, viko kimo cha sentimita 90, hewa inapita kwenye mita 1.55 na zaidi, yeye haimgusi. Nilimpigia fundi simu. Alichukua siku tisa kuja. Siku tisa hizo nilikuwa naacha mlango wazi mpaka usiku mkubwa na kulala sikio moja limesimama. Alipokuja nilimpigisha magoti na yeye. Aliinuka akikohoa, hakubisha, akang'oa mbao, akaweka waya, hakudai hata faranga. Kwa kukubali kosa namsifu. Kwa zile siku tisa simsifu.

Kuku mwenye jicho alipona. Mmoja wa waliokoroma tulimla kabla hajajiamulia mwenyewe.

Viota na vitulio, kosa ni langu. Nilichora mahali pake lakini sikuandika kimo. Fundi akaweka viota juu, sentimita 60, vizuri kwa mkono wangu, na vitulio chini, sentimita 40. Kuku hulala mahali pa juu kabisa anapoweza kufika, hilo hata mtoto aliyemwona kuku juu ya mwembe analijua. Basi wote wakalala kwenye viota, mayai yakawa ya kuoshwa kila siku, na yai lililooshwa halikai. Tuligeuza: viota sentimita 45, vitulio 90. Viota ni vinne, upana sentimita 30 na kimo 35, kimoja kwa kuku wanne au watano. Wao hata hivyo wanagombea kile kimoja cha pembeni, chenye giza, wanapanga foleni kama kisimani. Juu ya viota aliweka ubao wa mteremko ili asilale mtu, hilo lilikuwa wazo lake na ni zuri.

Vitulio alivitengeneza kwa mkaratusi, upana sentimita 5, kingo zimelainishwa kwa randa. Kila kuku ana kama sentimita 20 za kukalia. Nina vitulio viwili vya mita 2.3, kwa hiyo hawabanani. Havijapigiliwa, vinakaa kwenye pengo, naviinua na kuvitoa nje. Ukifuga kuku kwenye mbao utaelewa kwa nini: utitiri mwekundu unajificha mchana kwenye nyufa za kitulio na kutoka usiku kunywa damu. Mara moja kwa mwezi vinapata maji yanayochemka. Ila alikuwa ameshavipaka vidanje, mafuta machafu ya injini, kama alivyopaka nguzo zote dhidi ya mchwa. Nguzo sawa. Kitulio hapana, mafuta yanakwenda kwenye miguu, miguu inakwenda kwenye kiota, kiota kinakwenda kwenye yai, yai nakuuzia wewe. Akavipiga randa upya.

Maranda nayapata hukohuko kwake, magunia mawili kila mara, bure. Ni faida ya kumjua fundi wa mbao ambayo mfuga kuku wa mjini asiidharau. Mwambie tu akupe maranda, si unga wa msumeno. Unga una vumbi na vifaranga wanaudhani chakula. Natandika sentimita 10, nachota palipolowa, naongeza juu. Miezi mitatu mitatu natoa yote, jirani mwenye bustani ya mchicha anayangojea na mifuko yake.

Gharama niziseme haraka. Simenti mifuko 8, manjanja 6, mbao na nguzo, waya, nondo, misumari, bawaba, kufuli, na dola 110 za mkono wa fundi: jumla dola 560. Ilikuwa zamu yangu ya likirimba, mchango wetu wa kupokezana, na nyongeza ya mume wangu iliyotolewa kwa maneno mengi. Tangu Januari 2025 benki za Goma zilipofunga milango, mambo yakawa taslimu ama simu, kwa hiyo tulikubaliana awamu tatu: theluthi mbao zikifika, theluthi paa likikaa, theluthi mwisho. Ile ya mwisho ningeikalia zaidi. Nilimlipa siku alipopigilia msumari wa mwisho, na siku tisa za kungoja kuja kurekebisha hewa nadhani zilitoka hapo. Kuna majirani wanaosema kwa dola 560 ningenunua plato (trei) ngapi za mayai ya Rwanda pale mpakani Petite Barrière. Nimeshapiga hesabu, ni nyingi. Lakini siku ya mpaka kufungwa, wanakuja kwangu na sahani.

Kuna jambo lilitokea kazi ikiwa katikati, na sijui kama lina nafasi katika maoni kuhusu fundi. Zege lilikuwa limekauka, paa limekaa, waya bado. Mama mmoja aliyekuwa akipita na bidoni ya maji alisimama kwenye ukuta, akaangalia muda mrefu.

"Mama, hiki chumba unapangisha mangapi kwa mwezi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alitaka bei.

Mama mkwe wangu naye, alipoona sakafu, alisema tu kwamba kuku wake wa ujana walilala juu ya mti na hawakuwahi kudai simenti.

Sasa mlango. Mafundi wote wanataka mlango ufunguke kwenda ndani kama wa nyumba. Kwa banda lenye maranda hiyo ni shida: wiki mbili tu kuku wameshaparua rundo nyuma ya mlango na hausogei. Nilichora mlango unaofunguka nje, na chini yake kizingiti cha sentimita 25, unaruka juu yake kama unaingia mtumbwini. Maranda yanabaki ndani, na kuku anayetaka kukimbia anajikwaa kwanza. Fundi alikitengeneza kizingiti vizuri sana, ubao mzito unaoteleza kwenye mfereji, unauinua siku ya kufagia. Mlango wenyewe umesimama sawa mpaka leo, haujashuka, haukwaruzi. Nje aliweka komeo la chuma linalodondoka lenyewe kwenye kikombe chake ukiusukuma mlango, na tundu la kufuli. Wezi wa kuku tunao, sina haja ya kuwaelezea.

Mmeshaona kinachokuja. Mimi sikukiona.

Jumamosi alasiri, nimeingia na beseni la mayai, simu jikoni. Upepo wa ziwani ukaubamiza mlango kwa kishindo, na komeo likadondoka kikombeni kama lilivyotengenezwa kudondoka. Ndani hakuna kitu, hakuna mpini wala hata msumari. Nilisukuma. Ukuta wa mawe, nguzo zilizobanwa kwa nondo, waya wa kuchomelewa nilioutafuta Birere mwenyewe: kila senti niliyoiweka ili kitu kisiingie sasa ilikuwa inanizuia kutoka. Nikaita. Mume wangu hayupo, watoto wako mpirani, mama mkwe yuko sebuleni na Radio Okapi kwa sauti ya kupasua kuta. Baadaye aliniambia alinisikia, akadhani nawagombeza kuku.

Dakika 40. Nitasema hivi kwa faida ya fundi: ndani ya banda lile unaweza kusimama dakika 40 bila mgongo kuuma, hewa ni nzuri, na nilipata muda wa kuona kwamba kuku wangu mweupe ndiye anayewanyofoa wenzake manyoya. Aliyenitoa ni mtoto wa jirani aliyetumwa mayai mawili, mwanafunzi wangu wa mwaka jana. Alisimama nje ya waya akanitazama kwa makini.

"Mama mwalimu, uko mu jela?"

Jumatatu shule nzima ilikuwa inajua.

Nilimpigia fundi jioni ileile. Alicheka mpaka akaomba radhi, akasema ni kazi ya dakika kumi, tundu moja na kipande cha chuma cha kuinulia komeo kutoka ndani. "Kesho nakuya, mama mwalimu." Hiyo ilikuwa miezi minne iliyopita. Nimempita barabarani mara mbili, mara zote mbili amenipa gunia la maranda na kusema kesho.

Ningemwita tena? Ndiyo, na nimeshampeleka kwa dada mmoja wa Himbi anayetaka banda la kuku 30. Nimempa dada huyo daftari langu, kurasa sasa zimekuwa tatu, kimo cha kila kitu kimeandikwa kwa wino mwekundu. Kwenye mlango nimechora komeo la ndani kubwa kuliko mlango wenyewe. Kwangu nimetoboa tundu kwa msumari wa moto, nikapitisha kamba ya katani iliyofungwa kwenye komeo. Nikiwa ndani naivuta, linainuka. Kuku wameshaigundua na wanaidonoa, kwa hiyo naibadilisha kila wiki mbili.